Programu ya kuhesabu mali ya meinfremu: nyota nne kwa programu, mbili kwa walioifunga

Niseme mapema ili usisome mpaka chini ukitafuta jina: sitaji programu wala kampuni ya hapa Nairobi iliyotuuzia na kutufungia (yaani kuisakinisha), kuna karatasi ya usiri tulisaini na mimi bado nautaka mshahara. Lakini kama ofisi yenu ina meinfremu, zile kompyuta kubwa za mabenki na bima, ama mnahudumia ya mteja kama sisi, na kuna mtu amekuja na slaidi zinazoonyesha vile programu yake itagundua kila kitu yenyewe, soma kwanza kabla hujaweka sahihi.

Sisi tuko Westlands, mashine haziko Westlands. Ziko Ujerumani, ni za mteja wa bima, IBM Z zinazoendesha z/OS (mfumo endeshi wake) na CICS (inayoshughulikia miamala) na DB2 (databesi) na COBOL, lugha ya zamani ya programu, ya kutosha kukuzeesha, na sisi ndo tunashika sehemu kubwa ya zamu. Watu hushangaa wakisikia Nairobi kuna watu wa meinfremu, jamani tupo, tena Mzee wetu wa sistimu alianza hii kazi kabla ya nusu ya timu kuzaliwa. Shida ni kwamba habari zote za hizo LPAR (vipande ambavyo mashine moja hugawanywa, kila kimoja na mfumo wake), yaani nani anaendesha nini na toleo gani, zilikuwa kwa faili moja ya Excel na kwa kichwa cha huyo Mzee. Anakaribia kustaafu. Mteja akasema anataka hesabu ya mali inayojisasisha yenyewe, kila LPAR, kila rijoni ya CICS (nakala moja ya CICS inayokimbia), kila DB2, kila bidhaa, iingie kwa rejista yao bila mtu kuandika na mkono. Mzee akawaunga mkono kwa mkutano mbele ya kila mtu, "mimi si databesi".

Siku ya demo wakaja vijana wawili wa mauzo, suti safi, laptopu mpya, wakaunganisha VPN na kuanza kuskani vile huwa wanaskani seva za Windows na Linux. Tukangoja. Kwa skrini ikatokea laini moja tu: anwani moja ya IP, porti 23 iko wazi, aina ya mfumo haijulikani. Basi. Mzee akaweka kikombe cha chai chini, akainama karibu na ile skrini, akauliza kwa upole kabisa, "kijana, hapo ndo umeshamaliza ama bado inatafuta?" Kijana akasema bado inatafuta. Ilikuwa imemaliza.

Na hapa ndo watu wengi wanauziwa hewa. Meinfremu ukiitazama kutoka nje kwa netiweki huoni kitu. Unaona mlango wa terminali za 3270 (skrini za kuingilia meinfremu), labda na porti za MQ (ya kupitisha ujumbe kati ya programu) na DB2, na huko ndani kunaweza kuwa na mamia ya vitu vinavyotembea ambavyo havina anwani yake mwenyewe hata moja. Kuna upande wa UNIX ndani ya z/OS, ni kweli, unaweza kuingia na SSH kama kwa Linux, lakini ukiishia hapo utaleta ripoti ya faili chache na uache CICS nzima nje. Kwa hivyo muuzaji akikwambia yake haihitaji kufunga chochote kwa meinfremu, muulize rijoni za CICS atazionaje, alafu umsikilize vile atazunguka.

Njia inayofanya kazi ni ajenti, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya z/OS yenyewe. Inawashwa kama kazi za kawaida za mfumo, inabaki pale kimya ikisubiri kuulizwa, alafu nje kunakuwa na seva ya kukusanya ambayo inaipigia kupitia porti moja ya TCP na kuuliza maswali yake, we ni LPAR gani, uko kwa sispleksi gani (kundi la mifumo inayofanya kazi pamoja), mashine yako ina namba gani ya kiwandani, DB2 gani ziko juu saa hii, MQ je, diski zipi. Majibu yanatoka mahali palepale Mzee huangalia akiandika D IPLINFO ama D M=CPU kwa konsoli, tofauti ni kwamba hii haichoki na haiendi likizo. Hiyo programu tuliyonunua ina hii ajenti, wale vijana tu hawakujua kuionyesha, walirudi wiki iliyofuata na mtu mwingine anayeielewa.

Kwa kuonyesha muundo, naipa heko bila kubana. Skani ya kwanza ya ukweli ilipoisha tulipata ramani yenye sispleksi juu, LPAR chini yake, chini ya kila LPAR rijoni zake za CICS, na mistari ya kuonyesha rijoni gani inaongea na DB2 gani. Kwa LPAR ya majaribio ikatoa rijoni ambayo haikuwa kwa Excel. Tukafuatilia, kumbe kuna amri kwa COMMNDxx, orodha ya amri za wakati wa kuwaka, inayoiwasha kila mara mfumo unapofanyiwa IPL (kuwashwa upya), mradi wenyewe ulikufa zamani na wenyewe wakaenda zao. Mzee akatazama hilo jina la herufi nane kwa muda, akacheka peke yake, akasema "huyu nilidhani tulimzika."

Sasa tuje kwa kufunga, na hapa ndo nyota zilipotelea.

Ajenti ya namna hii inahitaji mambo machache na yanajulikana. Maktaba yake iwekwe kwa orodha ya APF kwa sababu inasoma sehemu za mfumo ambazo programu ya kawaida hairuhusiwi. Ipewe jina lake la mtumiaji kwa RACF, mfumo wa ruhusa wa z/OS. Ipewe ruhusa ya kusoma dataseti (faili za z/OS) fulani. Porti moja ifunguliwe kwa fayawoli. Sasa mafundi wa hiyo kampuni ya Nairobi walituma fomu ikisema jina la ajenti lipewe SPECIAL. Kama hujui RACF, SPECIAL ni ile nguvu ya kubadilisha ruhusa za mtu yeyote kwa mfumo mzima, sio kusoma, KUBADILISHA. Mzee aliprinti ile fomu, kitu hafanyagi, akaibandika karibu na meza yake na kuniambia hawa wanataka ufunguo wa nyumba, wa gari na wa shamba ili waje wahesabu vikombe. Tukawauliza kwa nini, wakajibu ndo vile walifanya kwa mteja mwingine. Hiyo inatisha kuliko fomu yenyewe ukifikiria vizuri. Mwongozo wa mtengenezaji unataja READ tu kwa profaili chache, umeandikwa wazi, mtu alihitaji tu kuusoma. Watu wa usalama wa Ujerumani walikataa siku hiyohiyo na ombi likarudi mwanzo wa foleni, na kwa bima foleni ya mabadiliko ni foleni kweli, kuna madirisha yao, kuna wakati wa mwisho wa mwezi hawagusi kitu, ukikosa unangoja.

Alafu kuna suala la saa ya kuskani, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ni pesa.

Kwa seva za kawaida ukiskani usiku hakuna anayejali. Kwa z/OS, bidhaa nyingi za IBM zinalipiwa kila mwezi kulingana na matumizi, na kinachoangaliwa ni wastani wa matumizi wa masaa manne unaotembea, ule uliopanda juu zaidi kwa mwezi mzima ndo unaamua bili. Kwa hivyo kazi ya ziada ikifanyika wakati mashine imetulia haikuongezei kitu, ikifanyika wakati ambapo kilele kiko unakilipia, hata kama ni kazi ya kuhesabu tu. Programu hii inapokuja imepangwa kuskani usiku wa manane. Sawa kwa benki ya watu wanaolala. Kwa bima hii usiku wa manane ndo kazi za bechi (zinazokimbia kwa mafungu bila mtu) zinakimbizana, kilele chao kiko hapo hapo! Ikabidi tuihamishe asubuhi na mapema baada ya bechi kuisha na kabla ya maajenti wa bima kuanza kuingia, na Mzee akaiweka kwa daraja la chini la WLM, kinachopanga kazi ipi itangulie, ili ikikutana na kazi ya maana ipishe. Sehemu ya ajenti iliyoandikwa kwa Java inaenda kwa zIIP (prosesa ya pembeni), na zIIP haihesabiwi kwa hiyo bili, hapo mtengenezaji alifikiria vizuri. Ila kule kuskani maktaba za diski hakuendi zIIP, so usidanganywe kwamba ni bure.

Na bado kuna kituko cha saa. Mafundi walipanga ratiba kwa saa za Nairobi kwa sababu seva ya kukusanya waliisetia hapa. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, Ujerumani wanarudisha nyuma mwisho wa Oktoba na kusongesha mbele mwisho wa Machi, tofauti yetu nao ni saa moja wakati wao wa joto na saa mbili wakati wao wa baridi. Oktoba ikaisha, skani ikaanza kuingia saa moja mapema zaidi kwa saa za kule, ikakuta mkia wa bechi bado uko juu. Mteja akaona kabla yetu. Unachagua tu saa za mashine inayoskaniwa kwa ile menyu na inaisha, menyu iko, nilionyeshwa na mtu wa mtengenezaji kwa simu ya dakika chache.

Turudi kwa programu yenyewe, maana upande wa bidhaa na leseni ndo sababu wengi wataitaka. Swali "tuna nini kwa hii mashine" kwa z/OS lina majibu matatu na hayakubaliani. SMP/E, chombo cha IBM cha kufungia programu, itakwambia kilichofungwa kupitia kwake. Lakini mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuchukua IEBCOPY akanakili maktaba nzima kwa diski nyingine, na SMP/E haitajua milele. Kwa hivyo programu za aina hii zinapita kwa diski zikisoma maktaba za programu, majina ya moduli na ukubwa wake, alafu zinalinganisha na hazina yao ya maarifa ili ziseme hii ni kompaila ya COBOL, hii ni ya kampuni nyingine, toleo hili. Hiyo inakwambia kilichopo. Haikwambii kinachotumika. Cha tatu ni matumizi, moduli gani imepakiwa na kazi gani kwa LPAR gani, na hata IBM yenyewe kwa ripoti ya SCRT (ya kukokotoa bili) inasimamia rekodi za SMF (kumbukumbu za matumizi za z/OS) namba 70 na 89, ile ripoti ya kutoka tarehe 2 mpaka tarehe 1 ya mwezi unaofuata ambayo lazima iwe imefika kwao kabla ya tarehe 9 kupita. Kama kuna siku utaona watu wa meinfremu wana hasira bila sababu, angalia kalenda.

Hii programu inaweka yote matatu kwa skrini moja, kilichofungwa, kilichopo, kilichotumika, safu kwa safu, na ukibonyeza unaona dataseti yenyewe na diski iliyoko. Kwa hilo peke yake ningeilipia. Tulikuta kompaila ya zamani ya COBOL kwa diski ya majaribio, SMP/E haiijui, matumizi sifuri, mtu aliinakili enzi hizo ili apime kitu na akasahau. Ikifika siku ya ukaguzi wa leseni kitu kama hicho kinakuletea maswali marefu.

Lakini usiiamini ikikupa ushauri. Ina orodha ya "inaweza kuondolewa", na inapokuja inaangalia siku 90 nyuma. Bima ina kazi zinazokimbia mara moja kwa mwaka, hesabu za kufunga mwaka. Kwa orodha yetu ya kwanza kulikuwa na bidhaa ya kutengeneza ripoti za kuchapisha ambayo haikuguswa siku 90, na mama mmoja wa timu ya aplikesheni kule Ujerumani akatuandikia barua pepe ya sentensi moja, kwamba hiyo inatumika Januari. Tukaweka miezi 13. Diski za kuhifadhi historia hiyo ziliongezeka, lakini afadhali.

Pia, namba za kwanza za bidhaa zilikuwa za ajabu, kila kitu mara nne mara tano. Sababu ni kwamba diski zinashirikiwa na LPAR kadhaa, kila ajenti inaiona diski ileile na kuripoti maktaba ileile kama yake. Kuna mpangilio wa kuiambia itambue dataseti kwa jina pamoja na namba ya diski na ihesabu mara moja, mafundi hawakuuwasha, na walipoulizwa walisema namba zitatulia zenyewe. Hazikutulia zenyewe, ziliwashiwa mpangilio.

Kuna dosari mbili ambazo ni za programu kabisa, sio za mafundi. Moja ndogo: mifumo ya Ujerumani inatumia jedwali la herufi la EBCDIC namba 273, programu ikachukulia 1047, matokeo yake kila dataseti yenye @ kwa jina ilikuja imeandikwa §, au kinyume, kutegemea unaangalia wapi, na ukiitafuta kwa rejista huipati. Inarekebishwa kwa mstari mmoja wa mpangilio lakini kwa kila ajenti peke yake, na hakuna onyo lolote. Kubwa ni hii: inatambulisha LPAR kwa kuunganisha jina lake na namba ya kiwandani ya mashine. Inaonekana busara mpaka mteja afanye zoezi la maafa, wahamishe kazi kwa kituo cha pili. LPAR ileile inaamka kwa mashine nyingine yenye namba nyingine, na programu inasema hongera, mmepata LPAR mpya, na zile za zamani zimepotea. Rejista ikajaa mapacha, na kila pacha na CICS zake na DB2 zake, wakati wa kurudi ikawa kazi ya kufuta mmoja mmoja ukiwa makini usifute yule wa kweli. Mtengenezaji anasema toleo lijalo litatumia jina la sispleksi pamoja na la LPAR. Hapo ndo nyota ya tano ilibaki.

Kuhusu msaada, kuna ngazi mbili. Ya hapa Nairobi ni mtu anayechukua barua pepe yako na kuituma mbele, akirudi anakutumia picha ya skrini ya jibu. Wapole, wanashika simu, hawana la kukuambia. Ya mtengenezaji ni watu wanaojua kusoma dampu (picha ya kumbukumbu ya programu iliyoanguka), wanakuuliza toleo la z/OS na rekebisho ulizoweka kabla hata ya salamu, na mimi hao ndo nawapenda. Omba kwa mkataba uruhusiwe kuwaandikia moja kwa moja, sisi tuliipata baada ya kulalamika.

Bei siwezi kusema, ila jua inakuja kwa dola na inaendana na ukubwa wa mashine kwa MSU (kipimo cha uwezo wa mashine), sio na idadi ya ajenti, na kama ni kampuni ya hapa inayolipa usisahau kuuliza kama VAT ya asilimia 16 iko ndani ama nje, yetu ilikuwa nje na ilisemwa mwishoni. Kitu kingine cha karatasi: ripoti za matumizi zinabeba majina ya watumiaji walioendesha programu, na hayo ni data ya watu. Wajerumani walitaka yafichwe kabla hayajatoka kwa mashine, na sisi huku tuna sheria yetu ya kulinda data ya 2019, kwa hivyo uulize mapema kama inaweza kuficha. Hii inaweza, inafanya vizuri.

Mkataba wa programu tunaongeza mwaka mwingine. Ule wa ufungaji hapana, toleo jipya Mzee atalifunga mwenyewe na vijana wawili wa timu yetu wakiwa wamekaa kando yake wakishika kibodi, ndo amesema, yeye atakuwa anaongea tu. Ameomba lisiletwe wiki ya SCRT.